Shingo Ikikaza: Jinsi ya Kujipima, Kujitibu Nyumbani na Kujua Wakati wa Kwenda Hospitali

Maswali ya shingo ninayoulizwa hapa Nairobi hayabadiliki. Nimeamka shingo haigeuki, nifanye nini? Mkono unakufa ganzi mpaka kidole gumba, je, ni presha? Picha imeonyesha mifupa imelika, nitapooza? Ninunue kola ya shingo? Nipige MRI kwanza, ile picha ya kina inayoonyesha neva? Nimeyajibu kwenye chumba cha fiziotherapia (tiba ya viungo), nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu hata kwenye foleni ya matatu. Sasa nayaweka hapa kwa mpangilio ule ule ninaoufuata mgonjwa akiketi mbele yangu.

Mpangilio ni huu: tunaondoa hatari, kisha tunaangalia kama kuna neva iliyobanwa, ndipo tunatibu. Watu wengi huanzia mwisho. Wanakandwa, wanadungwa sindano au wanalipia picha kabla mtu yeyote hajawatazama wanavyotembea na wanavyofunga vifungo vya shati. Pesa zinaisha na shingo bado inauma.

Mwongozo huu ni wa watu wazima. Mtoto ambaye shingo yake imekaza au imepinda ghafla apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza

- Kiti kigumu chenye mgongo, kisicho na magurudumu.
- Kioo, au simu ambayo mtu atakushikia akupige picha.
- Kalamu na karatasi.
- Taulo mbili na chupa ya mpira ya maji moto.
- Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, mita moja na nusu hivi. Fundi wa baiskeli yeyote mtaani atakukatia.
- Mtu wa kukutazama ukitembea. Huyu ni muhimu, usimwache.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Shingo ina pingili 7, yaani vipande vya mfupa vilivyopangana. Kati ya pingili hutoka jozi 8 za neva zinazokwenda mabegani, mikononi na vidoleni. Ndani ya pingili hizo hupita kamba kuu ya neva inayoshuka kuelekea mgongoni, na kupitia kwayo miguu hupata amri ya kutembea na kibofu hupata amri ya kuzuia mkojo. Ndiyo maana nitakuuliza habari za miguu na choo ilhali umekuja kulalamikia shingo.

Hatua ya 1: Ondoa hatari

Soma orodha hii polepole. Ukipata hata jambo moja linalokuhusu, acha mazoezi yote yaliyo chini na uende hospitali.

- Homa pamoja na shingo iliyokaza kiasi kwamba kidevu hakishuki kifuani, hasa kukiwa na maumivu makali ya kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa au macho kuchukia mwanga. Hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Nenda sasa hivi, hata kama ni usiku.
- Maumivu ya shingo au taya yanayoshuka mkononi pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi. Huo ni moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo.
- Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa shingo au kisogo, usiyowahi kuyapata maishani, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, uso kupinda au ulimi kuwa mzito.
- Miguu kuwa mizito, kuyumba, mikono kupoteza ustadi, au kushindwa kuzuia mkojo au choo.
- Kupungua uzito bila sababu, jasho la usiku, kikohozi kisichokwisha, au maumivu yasiyopumzika hata ukilala. Kifua kikuu hushambulia mifupa pia, na shingoni huwa hatari kwa sababu kamba ya neva iko jirani. Dawa zake hutolewa bila malipo kwenye hospitali za serikali.
- Umewahi kutibiwa saratani, kinga yako iko chini, au umetumia dawa za steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) kwa muda mrefu.

*Kama ni ajali.* Mtu aliyeanguka na boda, aliyegongwa na gari au aliyetua kwa kichwa haingii kwenye mwongozo huu mpaka apimwe. Aliye na miaka 65 au zaidi, aliyeanguka kutoka juu ya mita moja, au anayehisi mikono au miguu ikichoma au kufa ganzi baada ya ajali, anahitaji picha ya shingo kwanza. Ukimkuta mtu chini barabarani, usimwinue kwa kwapa wala usimkunje kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Mwambie asigeuze kichwa. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, ukishike kwa mikono miwili kikae katika hali uliyokikuta, na mwingine apige 999 au 112. Kofia ya pikipiki usiivue isipokuwa imezuia pumzi. Najua wapita njia wa Nairobi huwa wepesi kusaidia, na ni jambo jema, lakini haraka ya kumbeba mtu imewahi kugeuza mfupa uliovunjika kuwa miguu isiyotembea.

*Kipimo cha kamba kuu.* Hata kama hukupata ajali, fanya majaribio haya matatu, maana kubanwa kwa kamba hii huja taratibu na mara nyingi bila maumivu makali.

Kwanza, kunja na kukunjua ngumi kikamilifu kwa kasi yako yote kwa sekunde 10, huku mwenzako akihesabu. Mkono wenye afya hufika 20 au zaidi. Ukiwa chini sana ya hapo, au vidole vikifunguka kwa shida kama vimenata, andika.

Pili, tembea hatua 10 kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mwenzako aangalie kama unayumba.

Tatu, inamisha kidevu kifuani. Ukihisi shoti ya umeme ikishuka mgongoni au miguuni, andika hiyo pia.

Sikiliza vilevile mambo madogo ya kila siku. Mgonjwa wa aina hii haji akisema shingo inauma. Anakuja akisema sarafu za chenji zinamponyoka, vifungo vya shati vinamshinda, au namba za siri za M-Pesa anazikosea kwa sababu kidole kinatua kando. Anadhani ni uzee. Ukiona hivyo kwa mzazi wako, usimpake dawa ya kuchua. Mpeleke hospitali kubwa akapimwe, na kama amepewa rufaa ya MRI, hiyo ndiyo MRI inayostahili kulipiwa.

Hatua ya 2: Pima mwendo wa shingo

Keti kwenye kiti, mgongo umeegemea, mabega yametulia. Fanya kila mwendo polepole na uishie pale maumivu yanapoanza kukuzuia.

Geuza uso kulia, kisha kushoto. Kijana mwenye shingo nzima hukaribia kuoanisha kidevu na bega. Inamisha kidevu kifuani. Tazama dari. Laza sikio kuelekea bega bila kuliinua bega. Mwenzako apige picha ya kila mwisho wa mwendo, nawe uandike upande unaogoma na mahali panapouma. Picha hizi utazihitaji baada ya wiki mbili. Mtu mwenye maumivu husahau alikuwa mbaya kiasi gani, na anaweza kukata tamaa ilhali anapona.

Hatua ya 3: Uulize mkono

Hapa ndipo tunatenganisha shingo ya kawaida na neva iliyobanwa.

Chora mkono kwenye karatasi na utie alama mahali panapouma, panapochomachoma au panapokufa ganzi. Kisha linganisha:

- Upande wa nje wa bega, na mkono ni mzito kuuinua kando: neva ya 5.
- Kidole gumba na cha shahada: neva ya 6.
- Kidole cha kati, na nguvu ya kusukuma imepungua: neva ya 7.
- Kidole cha pete na cha mwisho, na mshiko umelegea: neva ya 8.

Ya 6 na ya 7 ndizo hubanwa zaidi. Ramani hii si kamili, watu hutofautiana kidogo, lakini inatosha kuanzia.

Sasa fanya vipimo viwili. Tazama juu kidogo, kisha laza kichwa upande unaouma na utulie hapo sekunde chache. Maumivu yakipiga mbio kushuka mkononi, neva inahusika. Usisukume kichwa kwa mkono na usimruhusu mtu akusukume. Kisha weka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi, kiwiko kikiwa kando. Mkono ukipata nafuu, ni dalili nyingine ya neva ya shingo. Nimeona watu wakiingia kliniki mkono uko kichwani tayari, wametoka hivyo tangu Umoja mpaka mjini. Hawajui kwa nini, ila wamegundua kwamba hapo ndipo mkono unanyamaza, kwa kuwa mkono ukiinuliwa hivyo neva hulegea.

Mwisho pima nguvu, kila mkono peke yake: jisukume kutoka ukutani, inua mkono kando mwenzako akiukandamiza, shika vidole vyake viwili uvibane. Tofauti ndogo kwa sababu ya maumivu ni ya kawaida. Mkono unaoanguka wenyewe, au unaozidi kudhoofika siku hadi siku, ni wa hospitali wiki hiyo hiyo.

Angalizo kuhusu ganzi ya usiku. Ukiamka usiku vidole vitatu vya mwanzo vimekufa ganzi, ukikung'uta mkono inaisha, na shingo yenyewe haina neno, yaelekea neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wajawazito, wasusi na mama fua huipata sana. Tiba yake huanzia kwenye kifundo, na mazoezi ya shingo hayataisaidia.

Hatua ya 4: Amua uko kundi gani

*Shingo iliyokakamaa ghafla.* Umeamka nayo au umegeuka vibaya. Kichwa kimepinda upande mmoja, maumivu yako shingoni na juu ya bega tu. Inatisha kuliko ilivyo. Huanza kulegea ndani ya siku chache na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili.

*Shingo ya kazi na mkao.* Maumivu butu yanayopanda jioni, mabega mazito, pengine maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni na kuja mbele upande mmoja. Hii ndiyo ya mafundi cherehani wa Gikomba, madereva, watu wa ofisini na sisi sote wa simu.

*Neva iliyobanwa.* Mkono unauma kuliko shingo, na vipimo vya hatua ya 3 vimekubali. Wengi hupona bila kisu, ila si kwa siku tatu. Hesabu wiki kadhaa, pengine miezi michache.

*Shingo iliyotikiswa ghafla gari lako lilipogongwa kwa nyuma.* Ukishapimwa na kuambiwa hakuna mfupa uliovunjika, tiba yake ni ile ya kundi la pili, kwa mwanzo wa upole zaidi.

Je, spondailosisi? Hilo ni jina la kuchakaa kwa pingili na diski (mito laini iliyo kati ya pingili), na kuchakaa huku huja na umri kwa karibu kila mtu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Japani uliowapiga MRI ya shingo watu 1,211 wasio na maumivu yoyote, na karibu 9 kati ya 10 walikuwa na diski iliyotokeza. Kwa hiyo karatasi ya picha ikisema diski imetokeza, inaweza kuwa inaeleza umri wako na wala si maumivu yako. Wapo watu walioacha kucheza na watoto wao kwa kuogopa sentensi moja ya ripoti, na jambo hilo linanihuzunisha kila ninapokutana nalo. Ripoti husomwa pamoja na mkono, mguu na mwendo wa mgonjwa.

Hatua ya 5: Siku mbili tatu za kwanza

1. Endelea kusogea. Usilale kitandani mchana kutwa. Punguza kazi inayozidisha, usiache kazi zote.
2. Chovya taulo kwenye maji moto, likamue, likunje, uliweke kwenye ukosi kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Ukitumia chupa ya maji moto, izungushie taulo. Mwenye kisukari au ngozi iliyokufa ganzi apime joto kwa mkono wa mtu mwingine, maana ataungua bila kujua.
3. Kila saa moja ukiwa macho, geuza shingo kulia na kushoto mara 5, kwa kiwango kisichouma sana.
4. Kama ni neva, pumzisha mkono juu ya mto mdogo ukiwa umeketi, ili bega lisivute.

Kola ya sponji karibu kila anayeniuliza anataka kuinunua. Kwa shingo ya kawaida haihitajiki, na ukiivaa wiki nzima misuli inadhoofika na shingo inakaza zaidi. Kwa neva inayouma vibaya, mtaalamu anaweza kukupa ya muda mfupi, ukiambiwa siku ya kuanza kuivua.

Hatua ya 6: Mazoezi

Hii ndiyo tiba yenyewe. Kanda upendavyo, lakini bila sehemu hii shingo itarudi pale pale.

Kanuni moja itakuongoza: maumivu yakihama kutoka vidoleni kwenda kiwikoni, kisha begani, kisha shingoni, unapona hata kama shingo imeuma zaidi kidogo. Yakisafiri kinyume, kutoka shingoni kwenda vidoleni, acha zoezi hilo.

*Wiki ya kwanza:*

1. Kurudisha kidevu. Keti wima, tazama mbele. Vuta kidevu nyuma moja kwa moja kana kwamba unakwepa kugusana pua na mtu, bila kuinamisha wala kuinua uso. Shikilia sekunde 5, achia. Mara 10, mara tatu au nne kwa siku. Kosa linalojirudia ni kutazama chini. Macho yabaki kwenye alama moja ukutani.
2. Kugeuza. Ukiwa umeketi, mara 10 kila upande, polepole.
3. Kubana mabega. Rudisha mabega nyuma na chini, mifupa ya mgongoni ikaribiane. Sekunde 5, mara 10. Mabega yasipande masikioni.

*Wiki ya pili na ya tatu, maumivu yakishapungua:*

4. Kutikisa kichwa kwa kukubali. Lala chali, taulo jembamba chini ya kichwa. Tikisa kichwa kidogo tu kama unayesema ndiyo, shikilia sekunde 10, pumzika. Mara 10. Ukiona misuli ya mbele ya shingo imesimama kama kamba, umezidisha nguvu.
5. Kusukuma bila kusogea. Kiganja kwenye paji la uso, sukuma kwa nguvu kidogo, mkono uzuie. Sekunde 10. Fanya hivyo kando na kisogoni, mara 5 kila upande.

*Kuanzia wiki ya nne:*

6. Kuvuta tyubu. Funga tyubu kwenye kitasa cha mlango uliofungwa imara au nguzo. Shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma kando ya mbavu, rudisha polepole. Seti 3 za mara 10, siku tatu kwa wiki. Ukiona ni rahisi, sogea nyuma tyubu ikaze. Mazoezi ya nguvu ndiyo yanayochelewesha maumivu ya shingo kurudi tena, na ndiyo watu huyaacha mara tu maumivu yanapoisha. Yaendeleze angalau miezi mitatu.

Mwenye neva iliyobanwa afanye namba 1 hadi 3 tu mpaka mkono utulie, na asitazame dari kwa muda mrefu. Kupaka rangi dari, kuning'iniza pazia na kunyoa kidevu mbele ya kioo kilicho juu ni kazi za kuahirisha au kumpa mwingine.

Hatua ya 7: Dawa

Dawa hununua nafasi ya kufanya mazoezi. Parasetamoli ya miligramu 500, tembe 2, kila baada ya saa 6 hadi 8, zisizidi tembe 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe apunguze kwa ushauri wa daktari. Soma pakiti za tembe za kichwa zinazouzwa dukani, maana baadhi zina parasetamoli na asprini ndani, na unaweza kurudufisha bila kujua.

Ibuprofeni au diklofenaki hufanya kazi kwa siku chache, baada ya chakula, na chagua moja, usizichanganye. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, presha isiyotulia, mjamzito, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu asizimeze bila daktari.

Kuhusu sindano ya maumivu inayodungwa dukani: uliza jina lake na uliandike. Nyingine ni steroidi. Zinapandisha sukari, na zinaweza kuficha kifua kikuu cha mfupa kwa wiki nyingi huku kikiendelea kula. Na zile tembe za vitamini B zinazoitwa dawa ya neva haziondoi mgandamizo. Humfaa aliyepungukiwa na vitamini hiyo. B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu neva hizo hizo.

Hatua ya 8: Rekebisha kinachokuumiza

Mto: ukilala ubavu, ujaze nafasi kati ya sikio na bega, kichwa kisipande wala kisishuke. Ukilala chali, uwe mwembamba. Mto mnene huwezi kuufanya mwembamba, lakini mwembamba unaweza kuongezwa taulo lililoviringishwa ndani ya foronya. Kulala kifudifudi huigeuza shingo usiku kucha, kwa hiyo jizoeze kuacha.

Kioo cha kompyuta kifike usawa wa macho. Vitabu vichache chini yake vinatosha. Simu iinuliwe, kiwiko kikiegemea mwili. Fundi cherehani ainue meza kabla ya kununua kiti. Badilisha mkao kila nusu saa, kwa kuwa hata mkao mzuri ukikaa nao saa tatu unauma.

Kwenye foleni ya Thika Road au Jogoo Road usilale kichwa kikining'inia. Viringisha sweta ulizungushe shingoni, au egemea dirisha ukiwa umeweka kitu laini.

Mizigo: kwa muda shingo inapouma, mtungi wa lita 20 usiende kichwani. Gawanya maji kwenye mitungi miwili midogo, mkono huu na huu. Hivyo hivyo kuni za kubebwa kwa kamba ya kichwani. Wabebaji wa Marikiti na wa belo za mitumba najua hamna uhuru wa kuchagua, basi angalau ombeni wa kuwatwika na wa kuwatua, kwani shingo huumia zaidi mzigo unapopanda na unaposhuka kuliko unapotembea nao.

Makosa ninayoomba uyaepuke

Kubwa kuliko yote ni kuvunjwa shingo. Unanyolewa, unakandwa kichwa vizuri, halafu kinyozi anashika kidevu na kisogo na kukizungusha ghafla mpaka shingo ilie. Kataa, na kataa mapema kabla hujalegea kitini: "Massage sawa, shingo usivunje." Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Ikichanika kwa msokoto wa ghafla, damu huganda na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Hutokea mara chache, lakini anayepatwa hapati nafasi ya pili. Na ule mlio ni gesi ndani ya kiungo, wala hakuna mfupa uliorudishwa mahali pake.

Usikandwe kwa nguvu mahali penye uvimbe au joto. Usivutwe kichwa kwa kamba na mtu asiyesomea. Usilinganishe kasi yako na ya jirani aliyepona kwa siku mbili. Huenda yake ilikuwa ya kundi la kwanza na yako ni ya neva.

Ikigoma

*Mazoezi yanazidisha maumivu.* Maumivu kidogo yanayotulia ndani ya nusu saa ni ya kawaida. Yakidumu hadi kesho yake, punguza idadi kwa nusu, usiache kabisa.

*Mchana niko sawa, asubuhi nimekaza.* Angalia mto na namna unavyolala. Fanya zoezi la 2 kabla ya kutoka kitandani.

*Shingo inapona, maumivu ya kichwa yanabaki.* Maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni na kubadilika ukigeuza shingo hufuata shingo kupona, ila hukawia. Maumivu mapya ya kichwa baada ya miaka 50, au yanayozidi kila wiki, yaangaliwe na daktari.

*Wiki mbili zimepita, hakuna badiliko.* Linganisha picha za hatua ya 2. Kama mwendo umeongezeka, endelea. Kama haukuongezeka kabisa, muone mtaalamu wa fiziotherapia.

*Wiki sita zimepita, mkono bado.* Unahitaji kupimwa upya, na sasa mazungumzo ya MRI, dawa za maumivu ya neva, au daktari wa upasuaji yana maana. Eksirei ya kawaida haionyeshi neva wala diski, kwa hiyo usishangae ikisema uko sawa.

*Niende wapi?* Kwa shingo isiyo na dalili za hatari, anzia kituo cha afya kilicho karibu na upate rufaa. Hospitali za Mbagathi na Mama Lucy Kibaki zina fiziotherapia, na zikishindwa hukupeleka Hospitali ya Kenyatta. Hakikisha usajili wako wa SHA (bima ya afya ya serikali) uko sawa kabla ya siku ya miadi. Ukienda kliniki ya binafsi, uliza kama anayekuhudumia amesajiliwa na baraza la wataalamu wa fiziotherapia. Sheria yao ipo tangu 2014, na aliyesajiliwa hakasiriki kuulizwa. Kwa dalili za hatua ya 1 usizunguke kutafuta rufaa, nenda moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali kubwa.

Beba karatasi yenye mchoro wa mkono, hesabu ya ngumi, picha za mwendo, majina ya dawa ulizomeza na sindano ulizodungwa. Na daktari akiwa na haraka, mwambie sentensi hizi kwanza: ilianza lini, inashuka hadi kidole kipi, nguvu imepungua au haijapungua, miguu na mkojo viko vipi.